Kufuli Yangu Kwenye Swichi ya Mkanda

Mimi husafisha mkanda. Nikisema hivyo sokoni Angurai watu hunitazama kiunoni, na inabidi nieleze. Si mkanda wa suruali, jamani. Ni ule mkanda mpana wa mpira, mrefu kuliko uwanja wa mpira wa shule, unaobeba makapi ya miwa kutoka kwenye mashine za kukamua mpaka kwenye tanuri la mvuke. Kiwanda chetu cha sukari kiko upande huu wa mpaka na Uganda, na makapi hayo ndiyo kuni zake. Mkanda ukisimama, tanuri linakosa chakula. Tanuri likikosa chakula, mvuke unaisha, na mvuke ukiisha kila kitu kinanyamaza, mpaka wakubwa wanatoka ofisini kuja kukodolea macho bomba la moshi. Sasa niambieni mkubwa ni nani pale.

Najua najisifu. Marehemu mama yangu alipenda kuniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mimi nilikaa miaka mingi bila wa kunisifu, kwa hiyo nimeamua kujisifu mwenyewe, na tembo langu bado ni kali.

Niliingia pale kama kibarua wa kufagia. Nilipewa ufagio, beleshi na gambuti mbili ambazo zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Kazi ilikuwa kuzoa makapi yaliyomwagika chini ya mkanda. Basi, zoa, mwaga, zoa. Lakini mimi nina macho yasiyotulia, na nikaanza kutazama kilichokuwa kikifanya makapi yamwagike. Makapi ya miwa hutoka kwenye mashine yakiwa bado na utamu na unyevu, na vumbi lake hushika kwenye rola za chini kama ukoko unavyoshika sufuria ya ugali. Rola ikishika ukoko upande mmoja, mkanda unahamia upande mwingine. Ukihama unaanza kusugua chuma, na ukisugua chuma ukingo unachanika uzi kwa uzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mkanda mpya ni ukuta ghali kwelikweli.

Nilijifunza kukwangua rola kwa kipande cha panga lililovunjika, nikiwa nimelala chali, makapi yakiniingia shingoni. Nilijifunza kusikiliza. Rola inayolia kama mtoto wa mbwa inataka grisi. Inayonguruma, beringi imekwisha, ibadilishe. Lakini ile iliyonyamaza, isiyozunguka, hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mkanda unaisugua kimya kimya mpaka inapata moto, na makapi makavu hayahitaji kubembelezwa ili yawake. Nilikuwa nikipita asubuhi na kutia alama kwa chaki: hii grisi, hii toa, hii leo kabla ya chai.

Na kuunyoosha mkanda, wueh! Hapo ndipo nilipowaacha wanaume mdomo wazi. Kule mkiani mwa mkanda kuna bolti mbili, moja kila upande. Ukikaza kidogo mkanda unahama. Wenzangu walikuwa wakikaza, wanaona haujahama, wanakaza tena, mara umehama kupita kiasi, wanakimbilia upande wa pili. Unakuta watu wazima wanakimbizana na mkanda kama wanafukuza kuku. Mimi nilikuwa nikigeuza bolti robo tu, kisha nasimama na kungojea kiungo cha mkanda, pale ncha zake mbili zilipounganishwa, kipite mara tatu mbele yangu. Mara tatu, na mikono nyuma. Mkanda si mtu wa kuitikia papo hapo. Mpe nafasi, utakutii.

Kwa hiyo kazi niliijua. Nilichokosa ni kufuli.

Mkanda ukizimwa kwa ajili ya usafi, swichi kuu hushushwa na kufungwa kwa kufuli. Kila fundi ana yake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Fundi wa umeme akifunga yake na fundi wa kuchomelea akafunga yake, swichi haipandi mpaka kila mmoja aje atoe ya kwake kwa mkono wake mwenyewe. Ni sheria nzuri sana. Ila sisi wasafishaji, watu saba tuliokuwa tukiingia chini kabisa, tumboni mwa mashine, hatukuwa na kufuli hata moja. Tuliingia chini ya kufuli ya supavaiza. Uhai wetu ulikaa mfukoni mwake pamoja na ugoro wake.

Naye alikuwa na namna yake ya kutuhesabu. Gambuti zilikuwa za kampuni, zilikaa stoo. Ukifika asubuhi unavaa gambuti, na patipati zako, zile ndara za mpira, unaziacha kwenye mstari kando ya swichi. Ukimaliza usafi unavua gambuti, unavaa patipati, unaenda zako kunywa chai. Supavaiza hakutazama watu, alitazama ule mstari. Patipati zikiisha, watu wameisha. Anatoa kufuli, anapiga simu chumba cha mitambo: washa.

Asubuhi moja ya mvua patipati yangu ilikatika njiani, kwenye ule udongo wa Moding unaong'ang'ania mguu. Nikaitupa pamoja na mwenzake, nikafika kazini peku. Sikuwa na cha kuacha mstarini. Nilikuwa chini nikikwangua rola ya karibu na mwisho niliposikia kengele ya kuwashia. Sikuamini. Nikadhani ni ya mkanda mwingine. Kisha mkanda ukasogea juu ya uso wangu, ukashika kitambaa changu cha kichwa na kukipeleka, nami nikajibana ukutani nikipiga mayowe kwa lugha zote ninazozijua. Mwenzangu aliyekuwa akipita alisikia, akavuta kamba ya dharura. Nilipotoka, supavaiza alinitazama miguu. "Kwani patipati zako ziko wapi?" akauliza.

Si pole. Si Mungu amekuokoa. Patipati! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mchungaji wangu anajua kusoma.

Tangu siku hiyo nilidai kufuli. Nilimdai supavaiza, akacheka. Nilidai ofisini, wakaniambia kufuli ni za mafundi, na wewe mama ni wa usafi. Nilidai miaka mitatu, hadi akaja injinia mkuu mpya, mtu wa maneno machache, anayetembea kiwandani na mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Nilimfuata kwenye korido. Nikamwambia, "Boss, mimi ndiye ninayeingia ndani kuliko wote pale, na mimi ndiye sina kufuli. Hiyo ni akili gani?" Alinitazama muda mrefu mpaka nikajuta. Siku mbili baadaye aliniita, akaweka mezani kufuli nyekundu na ufunguo mmoja.

"Mwezi mmoja wa majaribio," akasema. "Utasimamia kikosi cha usafi. Mkanda unazimwa saa mbili, unawaka saa nne, maana akiba ya makapi ya tanuri haipiti hapo. Ukichelewesha kiwanda kwa kosa lako, hata mara moja, unarudisha kufuli na unarudi kwenye ufagio."

Nilisema nimekubali. Ningekubali hata wiki moja. Niliutia ufunguo ule kwenye uzi, nikauvaa shingoni. Jioni mume wangu aliuona, akauliza ni wa sanduku gani la dhahabu. Nikamwambia ni wa kiwanda kizima. Alicheka, lakini asubuhi nilimsikia akimwambia jirani, "Mke wangu sasa ndiye anaruhusu kiwanda kuwaka." Naye pia hujisifu, tumeoana vizuri.

Kuhesabu patipati nilikukomesha siku ya kwanza. Niliwaambia wenzangu: kila mtu kabla ya kuingia anakuja kushika kufuli na kutaja namba yake, moja mpaka saba. Ukitoka unaishika tena na kusema nimetoka. Wanaume walicheka, ati tumerudishwa nasari. Supavaiza naye, ambaye sasa alikuwa amenyang'anywa mfuko wake, alikuwa akipita na kuuliza, "Mwalimu, leo mnaimba wimbo gani?" Nikamwambia, "Wa kuzikwa kwako." Tulizoeana hivyo. Patipati ziliendelea kukaa mstarini, maana zingekaa wapi, lakini hazikuwa tena hesabu ya mtu.

Namba saba alikuwa dada mmoja wa ng'ambo. Alivuka kila asubuhi kutoka upande wa Uganda na kurudi jioni, kama wengi wanavyofanya hapa kwetu, ambapo shamba la mtu liko nchi moja na shangazi yake yuko nyingine. Aliniita nyabo, kwa heshima ya kwao. Alikuwa mkimya mno. Unaweza kufanya kazi naye wiki nzima usijue kama ana meno. Lakini alikwangua rola kama mtu anayeosha vyombo vya mkwewe, hakuacha doa. Akikosa kazini hakuna aliyeuliza, na akija hakuna aliyeshangaa. Vibarua wako hivyo, kinachoulizwa ni beleshi likikosekana, si mtu.

Wiki mbili zilipita vizuri. Jumatano ya wiki ya tatu tulizima mkanda saa mbili kamili. Sote saba tulishika kufuli, tukataja namba. Tukaingia. Siku hiyo kulikuwa na ukoko mwingi mkiani, na kwenye lile shimo la mwisho makapi yalikuwa yamejaa mpaka magotini. Dada wa ng'ambo nilimpa shimo hilo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na subira nalo. Mimi nilikuwa katikati nikibadilisha rola mbili.

Saa nne kasorobo nilipiga filimbi, tukaanza kutoka. Moja, nimetoka. Mbili, nimetoka. Tatu, nne, tano. Mimi mwenyewe ni namba sita. Nikangoja saba.

Nikangoja.

Nikapiga filimbi tena, nikaita. Kimya. Kwenye mstari kulibaki jozi moja ya patipati za buluu, kisigino cha moja kimeshonwa kwa waya. Zilikuwa zake.

"Labda ameenda choo," mmoja akasema. Nikamtuma mtu chooni, hayupo. Stoo ya gambuti, hayupo. Nikashuka na tochi mpaka shimoni, nikadunga makapi kwa fimbo polepole. Yale makapi huporomoka, yanaweza kumfunika mtu. Sehemu ile ya chini ina vishimo na pembe za kila aina, na mtu aliyezirai haitiki filimbi. Nilipotoka ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nje matrekta ya miwa yalikuwa yameanza kupiga honi.

Supavaiza alikuja mbio. "Mama, toa hiyo kufuli."

"Mtu mmoja hajatoka."

"Nani?"

"Yule dada wa ng'ambo."

"Huyo? Huyo ameshaenda kwao! Hawa watu huja na kwenda wanavyotaka. Toa kufuli, mvuke unashuka."

"Patipati zake hizi hapa. Zile zako ulizokuwa ukihesabu."

Akapandisha sauti, kwa sababu watu walikuwa wamejaa. Alisema mimi ni mfagiaji niliyepewa cheo nikalewa. Alisema kiwanda hakiwezi kusimama kwa sababu ya kibarua. Kisha akamtuma mtu stoo alete ule mkasi mkubwa wa kukatia chuma, aikate kufuli.

Haki ya Mungu, sijui nguvu zile zilitoka wapi. Nilikwenda nikaegemeza mgongo kwenye ile paneli ya swichi, kufuli ikanichoma kwenye uti wa mgongo. Nikasema, "Kata. Lakini anza na mimi." Ndani nilikuwa nikiona ule mwezi wangu wa majaribio ukiyeyuka, nikiuona ufagio ukinisubiri kwenye kona. Niliwaza pia jambo baya, nitalisema kwa sababu ni kweli: niliwaza, je, na kama ameenda kwao kweli? Je, naharibu kila kitu kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi anakunywa chai kwake?

Injinia mkuu alifika kabla ya mkasi. Hakupiga kelele. Alitazama patipati, akanitazama mimi.

"Una uhakika yuko chini?"

"Sina, boss."

"Basi?"

"Wewe una uhakika hayuko?"

Alivua koti, akachukua tochi ya supavaiza mkononi mwake, akaniambia, "Twende." Mara ya kwanza kuona injinia mkuu akiingia chini ya ule mkanda! Tulianza upande wa tanuri, tukatambaa mpaka mkiani, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, tukiita. Kule shimoni aliingia hadi kiunoni, akafukua kwa mikono. Alitoka na makapi kwenye nyusi. Hapakuwa na mtu. Tukaangalia tena. Nambari yake ya simu ilipigwa, ikawa haipatikani. Tanuri lilikuwa limeanza kupoa, mashine za kukamua zikazimwa moja baada ya nyingine, na ile ngurumo tunayoishi nayo mchana kutwa ikaondoka. Niliweza kusikia ndege. Sikujua kama pale kiwandani kuna ndege.

Ilikuwa imepita saa tano mlinzi wa lango la matrekta alipokuja taratibu, hana habari, ameitwa kuulizwa kama amemwona mama mmoja mfupi. Akasema, "Yule wa gambuti? Alipanda pikipiki tangu saa tatu. Alikuwa akilia. Alielekea mpaka."

Saa tatu. Alikuwa ameondoka karibu saa nzima kabla ya filimbi yangu, na gambuti za kampuni miguuni, akavuka nazo nchi.

Nilitoa kufuli. Hakuna aliyenicheka usoni, lakini nilisikia supavaiza nyuma yangu akisema, si kwa sauti ya chini, "Kiwanda kizima kimemsubiri mtu aliye juu ya pikipiki." Baadhi ya wenzangu walicheka, na siwalaumu, ilichekesha.

Alasiri nikaitwa ofisini. Injinia mkuu alikuwa bado na kipande cha kapi nyuma ya sikio, sikumwambia. Aliuliza kwa nini mtu alitoka bila kushika kufuli. Nikasema hilo ni kosa langu, sikuweka mtu pale mlangoni pa kuingilia chini ya mkanda, nilidhani kila mtu atakumbuka. Akasema, "Tulikubaliana." Nikasema ndiyo, boss, tulikubaliana. Nikauvua ule uzi shingoni, nikauweka mezani pamoja na kufuli. Nilipofika mlangoni nikitoka akaniuliza kama ingetokea tena kesho ningefanyaje. Nikamwambia, "Ningeweka mtu mlangoni. Na asipotoka, singetoa kufuli."

Nililia chooni, sitaficha. Lakini sikulia kwa kujuta, nataka ieleweke. Nililia kwa hasira ya kunyang'anywa kitu siku ileile nilipokitumia vizuri. Alhamisi na Ijumaa nilishika ufagio. Supavaiza alinipita mara tatu hivi bila kunitania, na hiyo iliniuma zaidi, kwa sababu ina maana alinihurumia.

Jumamosi ilikuwa siku nyingine ya usafi. Tulipofika, dada wa ng'ambo alikuwa ametangulia, amesimama kando ya swichi na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na zile gambuti, zimeoshwa hadi zinang'aa. Aliniambia yote kwa mara moja, maneno mengi kuliko aliyowahi kusema tangu nimjue. Simu haziruhusiwi ndani, lakini yeye alikuwa ameificha yake kifuani. Ilitetemeka akiwa shimoni. Mama yake ameanguka kando ya kisima, nyonga imevunjika, hawezi kuinuka. Aliogopa kuonekana na simu, aliogopa kuomba ruhusa, akatoka kimya kwa lango la matrekta. Mama amelazwa, atapona, lakini kutembea itachukua muda. Alisema pole mara kumi. Nikamwambia pole ni yangu mimi kukupa, na siku nyingine ukitoka bila kushika kufuli nitakuvunja mimi hiyo nyonga.

Supavaiza akafika, akashusha swichi, akafunga kufuli yake mwenyewe. "Haya, ingieni."

Hakuna aliyeondoka mahali pake.

Nilidhani hawajasikia. Nikachukua beleshi niongoze njia, maana kazi ni kazi. Dada wa ng'ambo akanishika mkono. Akamwuliza supavaiza, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha ng'ambo, akimwita bwana kwa kwao, "Ssebo, leo ni nani anatuhesabu?"

"Mimi."

"Unahesabu patipati ama watu?"

Mtu mmoja akaguna. Namba tatu, yule aliyekuwa akisema tumerudishwa nasari, akaweka beleshi chini. Akasema yeye ana watoto wanne na angependa kuhesabiwa na yule mama. Namba nne akaweka lake. Hawakupiga kelele wala kugoma kwa mabango, walisimama tu kama watu wanaosubiri mvua ipungue. Supavaiza alitazama saa yake, akatazama mkanda, akatazama patipati. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alitoa kufuli yake, akaenda ofisini mwenyewe, akarudi na injinia mkuu, na ile kufuli yangu nyekundu ikiwa mkononi mwa injinia.

Injinia aliniletea mpaka pale nilipokuwa. Akasema, "Weka mtu mlangoni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ukinisimamishia kiwanda tena bila sababu, hii kufuli nitaitupa mtoni." Nikasema, "Na bila sababu ni ipi, boss?" Hapo wote wakacheka, hata yeye kidogo, upande mmoja wa mdomo. Nikafunga kufuli. Wakaja mmoja mmoja wakaishika. Safari hii supavaiza ndiye aliyesimama mlangoni, na kalamu.

Saa nne kamili mkanda uliwaka. Nilitazama kiungo kikipita mara tatu, kimenyooka katikati, sikugusa bolti.

Tulipokaa kunywa chai na viazi vitamu, dada wa ng'ambo alikuja akaketi karibu nami. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Nyabo," akasema, "wananiambia kitu, nadhani wananitania. Wanasema Jumatano mlisimamisha kiwanda."

"Hawakutanii."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu hukutoka."

"Hata mashine za kukamua?"

"Zote."

"Hata matrekta?"

"Foleni ilifika barabarani, wakaanza kupiga honi kama harusi."

"Na yule mkubwa?"

"Aliingia shimoni akakutafuta kwa mikono. Alikuwa na makapi mpaka kwenye nyusi."

Aliinamia kikombe chake. Nilidhani anaona aibu, nikataka kumtania kidogo ili apumue. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Mimi," akasema, "tangu nizaliwe hakuna kitu kimewahi kunisubiri. Hata pikipiki. Hata wakati wa kula nyumbani kwetu, wakati ule niko mtoto. Nikichelewa, wanaendelea." Akatazama kule juu, moshi ulipokuwa ukitoka mzito na mweupe. "Kilisubiri kwa muda gani?"

"Saa nzima na zaidi."

"Saa nzima," akasema. Akasema tena, safari hii kwa lugha ya nyumbani, kama mtu anayemwambia mama yake. Kisha akanywa chai yake yote, akainuka akaenda kupaka grisi rola ya akiba niliyoitia alama ya chaki asubuhi, kabla sijamwambia.